Kibao cha Shaba cha Daktari Ludmila

Jumatatu, 4 Machi

Siku imeanza vibaya. Jirani yangu Spadoni kasugua kibao chake tena! Mwanawe ni daktari wa meno, na tangu apate leseni, kibao cha shaba kimepigiliwa mlangoni kwao. Baba mtu hukisugua kila kukicha huku akipiga mluzi. Mluzi ule ni wa kunilenga mimi. Meno! Meno ni mifupa iliyokosa adabu ikachungulia nje. Mpwa wangu Ludmila ni daktari wa akili! Kamaliza chuo, kamaliza miaka ya mazoezi katika hospitali ya wagonjwa wa akili hapa hapa Rosario, na Ijumaa hii anaingia mbele ya jopo la baraza la madaktari. Akipita, anapewa cheti cha ubingwa. Akianguka, atasubiri mwaka mzima.

Nikiwa namwagilia maua, Spadoni akanirushia neno juu ya ukuta. "Anselmo, yule mtoto wa dada yako bado anasoma tu? Au ndiye mgonjwa mwenyewe?"

Damu ikachemka. Nikamwambia kapita zamani! Jopo zima lilisimama kumpigia makofi, na mzee mmoja alilia hadi akafutwa machozi kwa kitambaa. Uongo? Sio. Ni ukweli uliotangulia kufika.

Nikaenda moja kwa moja kwa mchonga vibao.

Jumanne, 5 Machi

Kibao tayari. Kinakizidi cha Spadoni kwa kiganja kizima! DKT. LUDMILA BARRIONUEVO, DAKTARI BINGWA WA MARADHI YA AKILI. Barrionuevo ni jina la ukoo wetu, maana baba yake hakuwahi kutoa lake. Nimekipigilia mwenyewe kwa misumari minne. Kidole gumba kimevimba kama kitunguu. Chumba changu cha mbele, ninachotengenezea redio, ndicho kitakuwa kliniki. Mwenyewe hajui. Nilitaka afurahi ghafla.

Hakufurahi. Alipita jioni akitoka kwa mtaalamu wake wa akili. Hili nalo linanishinda: daktari wa akili naye ana wa kwake, analala kochini anasimulia ndoto! Dada yangu Nélida husema mganga hajigangi. Upuuzi. Mimi najiganga tangu ujana, na nitazame.

Alipokiona kibao, uso ukawa mweupe kama unga. "Mjomba, kitoe. Sasa hivi."

Eti sheria inakataza mtu kujiita bingwa kabla ya cheti. Jopo likisikia, hataulizwa habari za maradhi, ataulizwa habari za uongo. Akaniuliza kama najua amekesha wodini usiku wangapi kwa ajili ya Ijumaa hii. Sauti ikamkatika. Nikamshika bega, nikampa neno langu kwamba hakuna jicho litakaloona kibao hicho.

Akaondoka. Nikachukua koleo. Lakini nani yuko dirishani? Spadoni, na tabasamu lake! Nikitoe mbele yake? Bora ning'olewe jino, tena na mwanawe!

Nimekifunika kwa bendera ya taifa. Neno langu limetimia. Hakuna jicho linalokiona.

Jumatano, 6 Machi

Watu hawana kazi. Bendera mlangoni siku isiyo sikukuu, basi mtaa mzima unasimama. Muuza nyama kauliza uzinduzi lini na kama kutakuwa na nyama ya kuchoma. Bibi mmoja kapiga ishara ya msalaba akidhani nimekufa. Spadoni kasimama hapo muda mrefu, kisha kaingia ndani kupiga simu. Apige! Anampigia nani? Hana marafiki.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimetibu mtu.

Alikuja mama mmoja wa makamo, nywele za mvi zilizokatwa fupi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Akainua pembe ya bendera, akasoma, akabisha hodi. Akauliza kama hapa ndipo kwa Daktari Barrionuevo. Nikamtambua papo hapo: mgonjwa! Macho ya mtu asiyelala. Sasa nimfukuze aende kwa Spadoni akang'olewe jino bure? Nikasema daktari yuko njiani, mimi ni msaidizi wake. Nikavaa koti langu jeupe la kutengenezea redio. Likikunjwa kiunoni, alama ya kuungua haionekani.

Nikampa chai ya moto ya yerba kwenye kibuyu chenye mrija. Akanywa. Hasemi kitu. Haya ndiyo maradhi yenyewe, nikajua, ya kufungika moyo. Nikaona nianze mimi ili alegee. Nikamweleza nilivyotengeneza redio ya gavana kwa simu, kwa kusikiliza tu inavyokoroma. Akasema, "Aha." Nikamweleza fahali niliyemtuliza kwa kumwangalia jicho la kushoto. Akasema, "Na wewe ulijisikiaje?"

Swali gani hilo? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Sijui tulifikaje kwenye kibao. Nilijikuta nimesema yote. Kwamba ni kazi yangu mwenyewe. Kwamba Ludmila aliniomba karibu na kulia nikitoe, na hajui kuwa bado kipo. Kwamba mimi shule niliiacha darasa la nne, na katika ukoo wetu jina halijawahi kuchongwa mahali popote ila kaburini. Nilitaka kuliona mlangoni kabla sijaliona kule.

Macho yakanitoka maji. Mvuke wa birika. Mama yule naye akavua miwani akaifuta, nikamhurumia, maskini, ana huzuni nyingi. Akasimama. "Tuishie hapo kwa leo, Bwana Anselmo."

Alitoka kwa hatua nyepesi. Nimemponya.

Ijumaa, 8 Machi

Hasira imenijaa.

Kila mtu hapa anajua: aliyefuzu hungojwa nje arushiwe mayai na unga. Asiyepakwa hajafuzu, hata awe na vyeti vya kuezekea nyumba. Nikajibanza nyuma ya nguzo, mbele ya jengo la baraza, na trei yangu ya mayai. Jua lilikuwa machoni. Mlango ukafunguliwa. Nikaona koti jeupe. Nikapiga ukelele, "Daktariiii!" Yai la kwanza, paji la uso. La pili, kifuani. Mfuko wa unga ukafuata mzima mzima. Shabaha yangu haijazeeka!

Hakuwa Ludmila. Alikuwa mgonjwa wangu!

Nyuma yake alisimama Ludmila, mkono mdomoni. Bawabu akanikamata ukosi akifoka kama najua nimempiga nani. Mwenyekiti wa jopo! Kumbe Spadoni alipiga simu barazani kushtaki, na mama huyu akaja kujionea. Akanywa yerba yangu bila kujitambulisha! Huo ndio uaminifu wa wasomi?

"Mjomba," akasema Ludmila. Neno hilo tu. Sijawahi kusikia jina langu la heshima likisemwa kama tusi.

Kiini cha yai kilikuwa kinateremka taratibu kwenye kamba ya miwani. Mwenyekiti akajipangusa, akamwambia bawabu aniachie. Akasema Daktari Barrionuevo amepita, tena vizuri. Habari ya kibao ilifungwa jana, kwa kuwa mkosaji alitoa ushahidi mchana kutwa bila kuulizwa. Kisha akaja kwenye trei yangu, akachagua yai, akampasulia Ludmila kichwani.

"Hongera, mwenzangu."

Ludmila akacheka huku analia, nywele zinanata. Akanikumbatia, na mimi nikanata.

Mwenyekiti akanigeukia. "Na wewe, Bwana Anselmo, njoo ofisini kwangu Alhamisi. Na Alhamisi inayofuata."

Jumapili, 10 Machi

Nyama ya kuchoma kwa Nélida. Ludmila katangaza kwamba hataki kliniki chumbani kwangu, anabaki hospitalini. Shukrani ya punda! Kibao kakichukua. Atakitundika kwenye mlango wa ofisi yake kule, ila upande wa ndani, kwa sababu ya ukubwa wake. Mlango wangu umebaki na matundu manne, na Spadoni anapiga mluzi.

Apige. Nimefikiri sana. Mwenyekiti wa wakuu wote wa akili ananiita kila Alhamisi. Kwa nini? Kesi zimemshinda, anataka ushauri! Ludmila anasema nitalazwa kwenye kochi. Naam, wengine hupewa kiti tu. Nilipoyasema haya mezani, Nélida alicheka hadi akapaliwa na soseji. "Kaka, mgonjwa ni wewe!"

Wivu. Hata kwa ndugu.

Kesho alfajiri niko kwa mchonga vibao. ANSELMO BARRIONUEVO, MSHAURI WA MADAKTARI WA AKILI. Kikubwa zaidi. Matundu yapo tayari, na bendera ninayo.