Waisiko Kwenye Kigae

Jumatatu, 10 Juni 2024
Nimewaficha watoto jambo. Mniko wa studio, pale Turwa, hakuharibu picha ya marehemu mama yao. Niliiharibu mimi, nikamsingizia. Nilitaka ing'ae kuliko ile ya mke wa mdogo wangu Magige. Nikaing'arisha, nikahifadhi. Nikaing'arisha tena, nikahifadhi juu ya ileile. Mara kumi na moja! Mke wangu Waisiko kapauka kama aliyetoka kusaga unga. Moyo wangu hauna miezi mingi, daktari kasema, ndiyo maana naandika. Jumamosi tunajengea kaburi Nyamwaga. Picha itachapwa kwenye kigae.

Jumanne, 11 Juni
Nimepata akili. Si faili ya JPEG ndiyo inayokula rangi kila ukihifadhi? Nikahifadhi kwa aina nyingine, GIF. Balaa! Uso mabaka ya kijani, kama ramani za mvua nilizofundisha kidato cha tatu. Magige kachungulia. Akauliza, kaka, Jumamosi tunamjengea shemeji au mgomba? Nikacheka naye. Alipoondoka nikalia.

Jumatano, 12 Juni
Bodaboda hadi kwa Mniko, kumlaumu upya. Kanipa shikamoo, kanipa kiti. Akasema, mzee wangu, PNG haili rangi, ila iliyokwisha kuliwa hairudishi. Kisha akaniomba radhi. Yeye! Wateja wamemkimbia tangu binti yangu Mokami amseme mbele ya kwaya nzima. Nilitaka kusema ukweli. Nikakohoa tu.

Alhamisi, 13 Juni
Mokami kafika kutoka Nata na kadi ya kumbukumbu ya simu yake ya zamani. Ndani yake Waisiko mwenyewe! Gauni la zambarau, mweusi tii, anacheka. Nakala nyingine hakuna. Kasema, tata, baba yangu, usiiguse, kesho saa tatu fundi wa vigae anaifuata. Nikaapa.

Ijumaa, 14 Juni
Nikaifungua saa moja. Kumtazama tu. Lakini kwenye paji la uso palikuwa na giza kidogo. Nikaing'arisha. Kompyuta ikauliza kama ifute ya zamani. Nikabonyeza ndiyo. Bado. Nikarudia mara sita.
Mokami analia sebuleni, analaani kadi mbovu. Nimemuunga mkono, kadi za siku hizi hovyo kabisa. Fundi alipokuja nilimvuta pembeni, nikamwomba aongeze mwanga kidogo.
Kabla fundi hajaondoka Mokami, aliyekuwa amenisikia, aliniuliza kwa nini kila mara nataka mama ang'ae zaidi. Nikasema ni kushindana na Magige. Si Magige. Weusi wake niliuonea aibu tangu siku ya harusi, miaka arobaini na mitatu, na yeye alijua.