Kiwanja cha Bi Samiha Mtandaoni

Wapo watu wakisikia neno "pesa" hugeuza shingo. Idarusi hakuhitaji kujisumbua hivyo, masikio yake yalimtosha. Siku hiyo alikuwa dukani kwa Karmali, Ngamiani, mjini Tanga, akichagua wembe, kazi iliyokwisha kumchukua nusu saa kwa sababu duka lilikuwa na feni, ndipo akasikia sauti ya mama mtu mzima:

"Karmali, hebu nambie weye uliyesoma. Hawa wanaopata pesa kwenye simu, zinatokea wapi? Maana mie yangu naitazama tangu asubuhi, haijatoa kitu."

Idarusi aliurudisha wembe mahali pake, taratibu, kama mtu aliyeitwa kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Samahani, nimesikia bila kukusudia." Alikuwa amekusudia. "Simu yenyewe haitoi pesa, mama. Pesa inatoka kwenye tovuti. Unayo tovuti?"

"Nina mbuzi wawili na friji."

Huyo alikuwa Bi Samiha, mjane, mpishi wa udi na mpambaji wa maharusi. Tangu miaka thelathini nyuma hakuna bibi harusi wa mtaa ule aliyetoka ndani bila kufukizwa naye. Idarusi, kwa upande wake, alikuwa kijana wa Pongwe, wa miaka thelathini na mbili, mwenye shati lililopigwa pasi na ulimi uliopigwa pasi zaidi. Alikwisha kufundisha Kichina akiwa na maneno manne ya Kichina, na kuuza dawa ya kuotesha nywele huku upara wake ukiwa umefichwa na kofia.

Lakini mwezi ule hakuwa na mchezo. Alitaka kumwoa Sabra, na Sabra alimpenda, au walau hakuwa amewahi kumwambia kwamba hampendi. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Uweso, mstaafu wa reli, ambaye alikwisha kutamka: "Binti yangu hakai kwenye maneno. Anakaa kwenye nyumba, na nyumba inakaa kwenye kiwanja. Ijumaa hii nioneshe kiwanja chako, nikikanyage kwa mguu wangu mwenyewe. La sivyo wapo wengine wanaobisha hodi." Ilikuwa Jumatatu, na Idarusi hakuwa na ardhi hata ya kwenye chungu cha maua.

"Sikiliza, mama," alisema, akivuta kibao. "Hii mitandao mnayoweka picha zenu ni vyumba vya kupanga. Mwenye nyumba akiamka vibaya, anakutolea virago nje. Tovuti ni kiwanja chako mwenyewe. Unajenga, unapanga udi wako humo, watu wanapita kutoka Mombasa, Muskat, mpaka Uingereza. Wakipita tu, unalipwa. Umelala, unalipwa. Unakuna nazi, unalipwa."

"Hata nikiwa msalani?"

"Hasa ukiwa msalani."

Ukweli ni kwamba yote aliyoyajua Idarusi kuhusu tovuti yangeandikwa kwenye kasha la kiberiti na ingebaki nafasi ya dua. Mpango wake ulikuwa kumwonesha picha ya duka zuri kwenye simu, kuchukua malipo, kisha kubadilisha namba. Ila alikuwa amelitamka neno kiwanja, na mbele ya mama wa Tanga neno hilo halitamkwi ovyo. Bi Samiha alivaa miwani.

"Kiko upande gani?"

"Wa... wa mbele kabisa, mama. Barabarani."

"Majirani?"

"Kaskazini kuna benki. Kusini kuna Wachina wanauza masufuria. Mashariki kuna gazeti. Magharibi bado pori."

"Hao Wachina wana makelele?"

"Wapole sana."

"Hakijauzwa kwa watu wawili?"

"Mama!" Idarusi alishika kifua. "Mimi si mtu wa namna hiyo." Na wallahi, kwa mara ya kwanza siku ile aliumia kwa dhati.

Bi Samiha alifikiri, akavua miwani. "Kimenipendeza. Ila pesa taslimu sina, baba. Ninacho kiwanja Pangani, alichoniachia marehemu mume wangu. Pembeni mwa bahari kabisa, upepo mtupu. Tubadilishane, kiwanja kwa kiwanja."

Masikio ya Idarusi yalivuma. Alikohoa ili apate muda wa kuficha meno. "Pangani ni mbali kidogo, mama..."

"Basi tuache."

"Lakini mimi ni mtu wa huruma," alisema Idarusi haraka.

Wakakubaliana kwenda kukikagua Jumatano. "Saa nne kamili asubuhi," alisisitiza Bi Samiha. "Si saa sita. Mie jua linanidhuru."

Mtoto wa pwani angeuliza kwa nini saa nne. Idarusi alikuwa wa Pongwe, upande wa bara. Bahari aliijua kwa samaki waliofika mezani, na mambo ya maji kujaa na maji kutoka aliwaachia wenyewe. Alichokiona Jumatano hiyo ni mchanga mweupe, tambarare, mpana kuliko uwanja wa mpira, na boriti nne za mkoko zimesimikwa kwenye pembe nne. Bahari yenyewe ilikuwa mbali huko, imetulia na mambo yake.

"Mbona mchanga umelowa?" aliuliza, maana hakuwa mjinga kabisa.

"Umande."

"Saa nne hii?"

"Umande wa huku hauna haraka, mwanangu."

"Na hizi boriti zina chaza."

"Chaza hapendi mahali penye fujo."

"Na hawa kaa?"

"Majirani," alisema Bi Samiha. "Wapole sana."

Idarusi hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa anahesabu hatua: hapa sebule, hapa chumba cha wageni, hapa baraza ya Sabra kukaa alasiri na kikombe cha chai ya tangawizi. Moyo wake ulijaa furaha. Akatoa simu, akamwonesha Bi Samiha picha ya duka la watu wa nchi gani sijui, lenye taa na vioo. Bi Samiha aliitazama akiwa na miwani, akaitazama bila miwani, akasema, "Kimekaa vizuri."

Alhamisi wakaenda kuandikishana kwa Bwana Ernesti, mwenyekiti wa mtaa, Mbondei mtulivu aliyeandika mikataba ya viwanja kwa miaka mingi na alipenda mambo yaende kwa utaratibu. Bi Samiha alitaka kila kitu kifanywe kama kinavyofanywa kwenye ardhi: mashahidi wanne, picha za pasipoti, namba za vitambulisho, kahawa na kashata, na dua fupi ya kukiombea heri kiwanja cha mtandaoni. Shahidi wa tatu alikuwa shangazi yake Idarusi mwenyewe, aliyekuwa anapita akaitwa.

Bwana Ernesti alisoma kwa sauti ya kanisani. "Kila upande umekagua kiwanja cha upande wa pili, umekiridhia kilivyo, na hautarudi kulalamika." Akalamba kidole, akafunua. "Bwana Idarusi ataijenga tovuti hiyo na kuitumikia kwa kila kazi itakayohitajika, pamoja na kupeleka mizigo, hadi itakapoingiza pesa ya kwanza."

Idarusi alisaini kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi. Katika akili yake Jumamosi angekuwa na namba mpya, na baada ya hapo mke mpya.

Ijumaa, baada ya sala, alimchukua Mzee Uweso kwenda Pangani. Mzee alivaa kanzu iliyonyooka na viatu vya ngozi alivyovitoa sandukuni kwa ajili ya kukanyagia kiwanja. Walifika saa kumi. Idarusi alitangulia, mkono umenyooshwa tayari kuonesha, na mkono ukabaki pale pale hewani.

Palikuwa na bahari. Boriti mbili zilikuwa zimetoa vichwa nje ya maji, juu ya moja amekaa ndege. Sebuleni palikuwa na mtumbwi na wavuvi wawili. Chumba cha wageni hakikufikika.

"Kiwanja kiko wapi?" aliuliza Mzee Uweso.

"Kilikuwa hapa."

"Kimekwenda wapi?"

Idarusi alitazama kushoto, kisha kulia, kisha chini ya miguu yake. Mmoja wa wavuvi akamhurumia, akapaza sauti: "Mnatafuta kile kiwanja? Njooni asubuhi! Wote huoneshwa asubuhi!"

Mzee Uweso alikuwa ameapa kukikanyaga, naye ni mtu wa kutimiza neno. Alivua kiatu kimoja, akapandisha kanzu, akachovya mguu. "Nimekikanyaga," alisema. "Kina uvuguvugu. Turudi."

Jumamosi Idarusi alimvaa Bi Samiha mbele ya Bwana Ernesti akiwa amevimba kama andazi.

"Nimetapeliwa!" alipiga kelele, na ilimshangaza jinsi neno hilo lilivyo chungu likitoka upande huu. "Mama huyu kaniuzia bahari!"

"Ulikagua?" aliuliza Bwana Ernesti.

"Nilikagua asubuhi!"

"Hata marehemu mume wangu alikikagua asubuhi," alisema Bi Samiha kwa upole. "Nimekihifadhi miaka ishirini nikitafuta mtu anayestahili kupewa. Juzi nikakusikia dukani, nikasema, alhamdulillahi, kijana mwenyewe ndiye huyu."

"Mwenyekiti, ni bahari ile!"

"Nacho cha mama kiko wapi?"

Idarusi alitazama juu. "Kipo... hewani."

"Basi yeye ana hewa, wewe una maji," alisema Bwana Ernesti, akifunga faili. "Mmelingana. Tena chako kinaonekana mara mbili kwa siku. Chake ameoneshwa picha. Kwa hiyo wewe umefaidika, na bado una deni la kujenga."

Idarusi alifikiria kukimbia. Lakini mkataba ulikuwa na sura yake na namba ya kitambulisho chake, shangazi yake alikuwa shahidi, na neno la Bi Samiha kwa kina mama lingefika Pongwe kabla ya basi lake. Tena kulikuwa na jambo lingine, ambalo hakumwambia mtu. Alijiambia: nikiijenga kweli nitakuwa fundi wa tovuti, na fundi anaweza kununua kiwanja kikavu, na Sabra bado hajaolewa.

Basi akajifunza, maskini. Alikaa na kompyuta ya kuazima sebuleni kwa Bi Samiha, akifuata masomo ya wanaoanza, somo la kwanza, la pili, la pili tena. Alijifunza kusajili jina la tovuti, kuchagua muundo wa bure, kupunguza uzito wa picha ili ukurasa ufunguke hata kwa mtu mwenye bando la shida. Alifuta ukurasa mzima kwa bahati mbaya mara tatu. Mara ya tatu alilia kidogo, na Bi Samiha akamletea uji.

"Hii picha ya udi hainukii," Bi Samiha alilalamika.

"Mama, mtandao haupitishi harufu."

"Basi andika kwamba unanukia. Andika kwa nguvu."

Akaandika kwa nguvu. Aliongeza fomu ya kuagizia yenye nafasi ya jina la bibi harusi na la bwana harusi, kwa kuwa Bi Samiha alizoea kuyatarizi kwenye mifuko. Wiki zikapita. Watu walifungua wakatazama, wakafunga. Idarusi, ambaye maisha yake yote aliuza visivyokuwapo bila taabu, aligundua kwamba kuuza kitu kilichopo ni kazi ya kuvunja mgongo.

Mwezi wa tatu, alasiri moja, kompyuta ikalia. Oda. Seti kamili ya harusi: udi, liwa ya kujipaka, vikuba vya maua, marashi, na gharama za kupelekewa nyumbani.

"Imeingiza!" Bi Samiha alipiga kigelegele hadi mbuzi wakaitikia. "Mzigo ukipokelewa tu, mkataba umekwisha, uko huru! Nisomee majina nianze kutarizi."

Idarusi alisoma kimoyomoyo kwanza, na hapo ndipo alipoharibikiwa.

"Bibi harusi, Sabra Uweso," alisema. "Bwana harusi, Mudathir."

"Yule mwenye nyumba mbili Chumbageni?"

"Zote ziko juu kabisa," alisema Idarusi. "Nchi kavu." Iliuma, msomaji. Tapeli naye ana mahali pa kuumia, na pake palikuwa pale pale.

Bi Samiha aliacha kushangilia, akamshika bega. "Pole, mwanangu. Pole sana." Kisha, kwa kuwa biashara ni biashara, akaongeza: "Lakini kupeleka mizigo kumo mkatabani."

Alikwenda kwa miguu, kifurushi mikononi, marashi yakimpanda puani. Sabra mwenyewe alifungua mlango, mikono yake ina hina mpya.

"Ile tovuti umeijenga weye?" aliuliza.

"Mimi."

"Nzuri. Inafunguka haraka."

"Sabra, ungeningoja kidogo tu..."

"Ningoje maji yatoke?"

Akamkabidhi mzigo, akageuka upesi ili asionekane uso.

Alipofika kwa Bi Samiha alimkuta ameishika kompyuta, miwani puani, uso unang'aa. "Mteja wa kwanza ametuandikia maoni! Yaweke mbele, baba, juu kabisa, kila mtu ayaone."

"Mama, mkataba si umekwisha?"

"Hii ndiyo kazi ya mwisho."

Idarusi akaketi, akayabandika juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa katika somo la tano:

"Udi wa hali ya juu, umefika kwa wakati. Aliyeuleta alikuwa analia, lakini ana adabu. Nyota nne."