Mlezi wa Umoja wa Kabichi

Paskali aliingia ukumbi wa mji wa Lushoto kwa sababu moja tu, nayo ni mvua. Maendeleo ya wilaya hayakumhusu. Alikuwa amepanda kutoka Muheza asubuhi ile ndani ya suti ya kuazima, na suti ya watu hailoweshwi ovyo. Akakaa nyuma kabisa. Jukwaani bwana shamba mmoja alikuwa akieleza habari za karoti, na kwa kweli alikuwa akizieleza vibaya. Lakini watu zaidi ya mia walimsikiliza kimya, kofia mapajani, wakiandika kila kitu. Mama mmoja alipotaka kuuliza swali, kwanza alimwomba radhi mwenyekiti.

Paskali hakuwahi kuona kitu kitamu namna ile. Kwao Muheza ukimsimamisha mtu sokoni, kabla hujamaliza salamu ameshakuuliza unauza nini. Hapa neno likishatamkwa juu ya lile jukwaa, limekuwa la serikali. Na jukwaa lenyewe lilikodishwa kwa bei ya jogoo. Akawahurumia wezi wanaohangaika kuvunja nyumba za watu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza kamba za biashara. Aliyeitwa mlanguzi juzi, leo aliitwa mfanyabiashara na kukaribishwa chai ofisini. Mfano hai ni Mzee Hashimu, mnunuzi mkubwa wa kabichi, ambaye zamani alifukia magunia ya sukari shambani kwa kuogopa mgambo, na ambaye sasa alikuwa akitafuta mwekezaji wa kushirikiana naye, wa rangi yoyote, mradi ana pesa. Paskali akamfuata dukani, akamwamkia shikamoo ya heshima zote, kisha akamng'ata sikio. Kuna kampuni ya Uarabuni, kule Ghuba, inataka kabichi za mahoteli. Inataka mawakala. Wakala mkuu ni mmoja tu, na mzee asimwambie mtu. Maneno hayohayo akawapelekea wafanyabiashara wengine thelathini na tisa, na kila mmoja aliapa kutomwambia mtu.

Lazima tuwe wakweli kuhusu Paskali, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na mazoea hayo. Kwa kazi hii aliuza shamba la michungwa aliloachiwa na baba yake, kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho duniani. Sehemu ilikwenda kwenye barua zenye nembo na muhuri uliochongwa kwenye soli ya kandambili. Iliyobaki ilikaa mfuko wa ndani wa koti, kwa sababu tapeli asiye na bunda la kuonyesha ni ombaomba tu. Asiporudi na donge nono, hakuwa na pa kurudi, na jambo hilo lilimkosesha usingizi.

Ukumbi ulitunzwa na Bi Saumu, mama wa makamo aliyekuwa na ufunguo, ufagio na msimamo. Paskali alipokwenda kuukodi, mama huyo alisoma barua ya kampuni mara mbili, akauliza kama mkutano una ajenda. Paskali akasema anayo. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli yake ya kwanza tangu afike.

Siku ya mkutano walijaa. Wengine walitoka Vuga, wengine walipanda kutoka Mnazi bondeni tangu alfajiri. Paskali alihutubia nusu saa. Alitaja meli, majokofu, mashehe wanaolilia kabichi ya Usambara. Watu waliandika mpaka kikohozi chake. Akamalizia na kiingilio: kila wakala akilete jukwaani, pale penye begi lake. Gari la kwenda Mombo lingeondoka saa kumi, naye alikuwa amelipia kiti cha mbele.

Hapo mkono ukanyooka. Ulikuwa wa Mwalimu Sefania, mstaafu, mwanamume aliyeupenda utaratibu kuliko wengine wanavyopenda nyama.

"Hoja ya utaratibu, ndugu mratibu. Hela itapokelewa na nani, na hatuna kamati?"

Ukumbi mzima ukaguna kwa aibu, maana kweli walikuwa wamejisahau. Miaka ishirini ya mikutano haitoki mwilini kwa ruksa. Ukazaliwa papo hapo Umoja wa Wakulima na Wauzaji wa Kabichi, wenye mwenyekiti Hashimu, katibu Sefania na mweka hazina Bi Saumu, kwa kuwa ukumbi ulikuwa wake. Saa kumi ilipita wakijadili kifungu cha nne cha katiba. Paskali alilisikia gari la Mombo likipiga honi na kuondoka na kiti chake.

Kisha wakamchagua yeye kuwa mlezi. Makofi yakarindima, naye akaushika mfuko wa ndani wa koti, maana kila Mtanzania anajua kazi ya mlezi. Mlezi ndiye huanza kuchanga.

Mabunda yalikuwa yameshatoka kwenye kanzu na khanga. Mzee Hashimu alikuwa ameshika lake, nono, akimtazama mlezi kwa adabu. Hakuna ambaye angetangulia. Paskali akapiga hesabu haraka: shamba moja likiingia, mashamba arobaini yanatoka. Akalichomoa bunda lake lote, akalitumbukiza kwenye sanduku la bati alilolileta Bi Saumu. Wote wakafuata, na sanduku likajaa.

Bi Saumu akalifunga kwa kufuli tatu. Ufunguo mmoja akapewa mzee wa Mnazi, mwingine mama wa Vuga, wa tatu ukaingia kifuani kwa Bi Saumu mwenyewe.

Paskali akaeleza, kwa upole wa mtu anayezama, kwamba kampuni inaisubiri ile hela Tanga kesho. Mwalimu Sefania akamsomea katiba, ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Hela hutoka kwa azimio la mkutano mkuu, na mkutano mkuu huitishwa kwa notisi ya siku ishirini na moja.

Angeweza kula kona. Lakini shamba la baba yake lilikuwa ndani ya lile sanduku, kwa hiyo alisubiri. Alisubiri kwenye baridi, mlezi wa watu, na mlezi hakosi misiba, harusi wala mchango wa kwaya. Saa yake ya mkononi aliiuza kwa mchango wa harusi ya kwanza. Redio yake ikaenda na msiba. Kufikia wiki ya tatu alikuwa akila viazi kwa hisani ya mama mwenye nyumba, akiwa mtu anayeheshimiwa sana mjini.

Mkutano ulipofika, alisimama na barua mpya ya kampuni, ya kuhimiza. Mzee Hashimu akaisifu barua. Kisha akasema kamati imeona, wakati Ghuba inajiandaa, umoja ununue lori la mtumba na kuanza na Dar es Salaam. Wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ikanyooka ukumbi mzima. Wanaokataa je? Ukanyooka mmoja, wa Paskali.

"Mlezi hapigi kura," alisema Mwalimu Sefania kwa masikitiko. "Kifungu cha tisa."

Katika muhtasari aliandika kwamba azimio limepita bila kupingwa. Wakampigia mlezi makofi matatu mazito, ya kilo, naye akasimama, akashukuru, maana ndivyo inavyofanywa.

Watu walipotoka alibaki kwenye kiti chake. Bi Saumu alianza kufagia kutokea jukwaani, akishuka polepole, mpaka akamfikia. Paskali aliumia kweli, na kwa mara ya kwanza hakutafuta maneno mazuri.

"Mama, ile hela ilikuwa shamba la baba yangu. Sina lingine."

Bi Saumu akauegemea ufagio wake, akamtazama kwa huruma isiyo na haraka.

"Tunajua ulijitoa, mwanangu," alisema. "Ndiyo maana tumekuandika wa kwanza kwenye daftari la waliochanga. Sasa inua miguu, nifagie."