Bibi Yangu Dirishani

Jumanne, 4 Machi
Imeonekana! Kadi ya posta ya zamani, ya bandari yetu ya Camogli, iliyopigwa chapa kwa jiwe, rangi bado mbichi kama samaki wa asubuhi. Imetoka kwenye sanduku la marehemu nahodha fulani; mjane wake kaitoa kwa chama chetu cha wakusanyaji wa kadi. Na nyumba yetu imo! Lazima niipate, nimpe mjukuu wangu Ortensia. Anaolewa Torino baada ya Pasaka, na huko hata bahari hawana, maskini. Atatundika nini ukutani, ukungu?

Shida moja: Ersilia naye anaitaka. Jirani yangu, nyumba moja, ukuta kwa ukuta. Mwalimu mstaafu, pua juu kama mlingoti.

Jumatano, 5 Machi
Mzee Prospero, mwenyekiti wetu, kasema desturi ni ileile: mwenye jamaa yake kwenye picha ndiye mwenye haki ya kwanza. Jumapili ataamua. Nimeikagua kwa lenzi. Mashua, nyavu, mbwa. Mbwa wa watu kaingia pichani, ukoo wangu hamna!

Nimejitolea kuisafisha kadi kwa kuisugua na ulaini wa ndani ya mkate, kama ilivyo kawaida yetu. Prospero kanisifu, eti nina moyo. Moyo ninao. Kalamu pia ninayo.

Ijumaa, 7 Machi
Kazi imekwisha. Shule ya kuchora sikuiona, lakini mkono huu umeshona nyavu tangu utotoni, hautetemeki. Nimemchora bibi yangu Benedetta dirishani, ghorofa ya tatu, kitambaa kichwani, anakung'uta shuka. Mdogo kama chawa, lakini ni yeye kabisa! Nimelia kidogo. Kisha nikala mkate uliobaki.

Jumapili, 9 Machi
Aibu! Ukumbi wa kanisa ulijaa. Nikamwonyesha kila mtu Benedetta wangu. Wakasema lo, kidevu kilekile. Prospero keshanyoosha mkono anipe kadi, Ersilia akaomba lenzi. Akatazama. Akacheka hadi meno ya bandia yakataka kumtoka. Akaniuliza, "Shoga, bibi yako alipitia wapi? Dirisha hilo si limechorwa tu ukutani?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mji huu nusu ya madirisha ni rangi tupu, mababu walichora ili nyumba zipendeze. Hata mtoto anajua. Mimi mwenyewe nilimcheka Ortensia, alipokuwa mdogo, akililia nimfungulie dirisha hilohilo!

Kadi kapewa Ersilia. Kaapa ataitundika sebuleni, wageni wacheke wakisubiri kahawa. Ortensia kanikumbatia, kasema, "Bibi, nipige picha na wewe, hiyo ndiyo nitakayokwenda nayo." Mtoto wa dhahabu. Lakini vita havijui.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeamka na akili mpya. Mchoro wangu hauna kosa. Kosa ni la ukuta! Dirisha likifunguka kweli, nani atasema Benedetta hakusimama pale? Nimemwita Gaspare, fundi mwashi. Kaniuliza nyuma ya rangi ile kuna chumba gani. Nimemwambia yeye apige nyundo, maswali baadaye.

Kuna bafu la Ersilia. Vizuri! Akiwa ndani ya maji na bandari nzima mbele yake, kadi ataitakia nini?