Vita vya Bwana Mizani na Uzito Wake Mwenyewe

Sogeeni karibu, enyi nyote mliowahi kuvuta tumbo ndani ili kifungo kifunge, nanyi mnaosimama katikati ya ngazi mkijifanya mnaangalia simu. Tegeni masikio, acheni kutafuna, kwa maana habari ninayoileta ni nzito. Sisimulii kuanguka kwa falme wala kuteketea kwa majeshi, hayo waachieni wenye kuyapenda. Nasimulia asubuhi ambayo mtu mmoja, mwenye cheo, mwenye sauti na mwenye kitambi, alipanda juu ya mizani akashuka, kisha akapanda tena.

Kazini walimwita Bwana Mizani, na hata mkewe akikasirika alimwita hivyo hivyo. Alikuwa mtunza ghala wa kiwanda cha mikate, Mlinzi wa Unga, Kitisho cha Madereva, Asiyesamehe Robo Kilo. Kila alfajiri malori yalipotia nanga mlangoni pake, alisimama kizingitini mikono kiunoni, na wabebaji wakamshushia magunia kwa adabu kama wanaoshusha maiti ya mfalme. Magunia yalipangwa juu ya chaga la mbao, na chaga likawekwa pamoja na mzigo wake juu ya mizani. Nayo mizani ilikuwa ya chuma, ya kizamani, yenye jukwaa chini na mkono juu, na jiwe la kusogeza mpaka mkono utulie. Kwa nyuma ilikuwa na kijiwe kingine kidogo, ambacho Bwana Mizani alikivuta miaka mingi iliyopita na kukifunga kwa waya, ili zile kilo ishirini za chaga zisihesabiwe na unga usomeke peke yake. Ndivyo ghala lile lilivyopima, na kila mtu alizoea, na kitu kikishazoeleka hakuna anayekiona tena.

Basi ikawa mwenye kiwanda, ambaye wote walimwita Tajiri, aliamka siku moja na huruma. Akatangaza kwamba wafanyakazi na wenzi wao watapelekwa matembezi huko kwenye vilima viwili ambako waya umetandazwa kutoka kilele hadi kilele, na mtu hufungwa mikanda kiunoni na mapajani, akaning'inizwa, akaachiwa ateleze juu ya bonde akipiga kelele kwa hiari yake. Kiwanda kizima kilishangilia. Wengine walishangilia kwa sababu ya waya, walio wengi kwa sababu ya chakula cha mchana.

Lakini hakuna aliyeshangilia kama mke wa Bwana Mizani. Huyu alikuwa fundi cherehani, mwenye chumba kimoja cha mbele, meza, pasi, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Katika ndoa yao yote alikuwa hajawahi kuomba kwenda popote. Usiku ule alisukuma sahani pembeni, akasema, "Baba watoto, mimi nataka kuruka. Nataka kuona mbali, hata mara moja tu. Ila peke yangu moyo utanitoka. Wanasema wawili wanaweza kufungwa pamoja. Tufungwe mimi na wewe."

Shujaa akainuka, akajipiga kifua, na kitambi kikaitikia. "Mama watoto," akanena, "mbele ya sufuria hizi na meza hii, naapa kwamba utaruka nawe hutaruka peke yako. Mimi niliyesimamisha malori, waya utanifanya nini?"

"Wanapima kwanza," mkewe akasema. "Si kila mtu anafaa."

"Wanapima nani?" akauliza Asiyesamehe Robo Kilo, na kwa kweli hakuelewa swali.

Siku ya hukumu ikafika. Akaja mwongozaji wa matembezi, binti mwembamba mwenye viatu vya mlimani, akasimama katikati ya ghala na kusema kwamba amekuja mwenyewe kwa sababu kwenye simu kila mtu ana kilo sabini. Masharti yake yalikuwa mafupi. Mtu mmoja asizidi kilo mia na kumi. Wawili wanaofungwa pamoja wasizidi mia na sabini. Na kila mmoja apande ngazi za nje mpaka kwenye tangi la maji juu ya paa, ashuke, na aweze kuongea.

Kuhusu ngazi zile vitabu havitanyamaza. Bwana Mizani alizishambulia kwa hasira, akaziteka za chini kwa pigo moja, kisha katikati ya mapambano akasimama kukagua vyuma vya kushikia, akavigonga kwa kidole, akatikisa kichwa kama fundi aliyegundua uzembe wa serikali. Alivikagua mpaka pumzi ikarudi. Alipofika kwenye tangi akalikagua na lenyewe. Aliposhuka, uso umeiva, mwongozaji akamwambia, "Haya mzee, ongea kidogo."

"Vyuma," akanena shujaa. Akapumua. "Vibovu."

"Sawa, umeongea," akasema binti yule, ambaye alilelewa vizuri.

Kisha mwongozaji akatoa mkobani mizani ndogo ya kioo, bapa kama sahani. Bwana Mizani akaitazama, na ghala zima likajua kwamba damu itamwagika.

"Binti," akasema, "hicho ni kigae cha bafuni. Hapa pana mizani. Imewaaibisha wanaume wenye malori matatu. Imepima unga uliokulisha wewe tangu unaota meno. Katika ghala hili hakuna mtu, narudia, hakuna mtu, atakayepimwa na kigae."

Wakandaji wa unga wakapiga makofi. Naye akalisogeza chaga, akaliegemeza ukutani kwa mikono yake mwenyewe, akavua viatu, akapanda jukwaani kwa hatua za bwana harusi. Jiwe likateleza, mkono ukayumba, ukatulia. Kilo tisini na nane.

"Tisini na nane!" akanguruma, na mabati ya paa yakajibu.

Mwongozaji akamtazama kutoka juu mpaka chini, hasa katikati. "Mzee wangu, una uhakika?"

"Mwanangu, mimi nina mifupa myepesi."

Ndipo aliposhuka, na katika kuinama kuchukua viatu, macho yake yakakutana na chaga pale ukutani. Chaga halikusema kitu, ni mbao tu. Lakini moyo wa Bwana Mizani ukaporomoka mpaka kwenye soksi, maana mikono iliyokifunga kile kijiwe cha nyuma ilikuwa yake, na hakuna duniani aliyejua hesabu ile kuliko yeye. Kilo ishirini zilikuwa zimefutwa, na safari hii hazikuwa za mbao. Akafungua kinywa kusema. Kisha akamwona mkewe mlangoni akimpigia makofi, akakifunga.

Enyi wasikilizaji, msimcheke upesi. Ni nani kati yenu aliyewahi kurudisha sifa aliyopewa kwa makosa?

Basi akanyamaza, na kwa kunyamaza kwake furaha kubwa ikashuka juu ya kiwanda. Akapanda Tajiri, ambaye tumbo lake hufika mkutanoni kabla yake, mizani ikasema mia na moja. Tajiri akawahutubia watu kwa kirefu juu ya faida za kuacha sukari, ambayo alikuwa hajaiacha. Akapanda Tanuri, mchomaji mikate, mtu mpana kama mlango wa tanuri lake, akajikuta na kilo alizoziaga ujanani, akamkumbatia mwenzake hadharani. Wakapanda wakandaji, wakapanda wafungaji mikate, na kila aliyeshuka alishuka mrembo. Hakuna aliyeuliza imekuwaje watu wanaokula mikate ya moto kila alfajiri wapungue wote kwa siku moja. Mtu husumbuka na mizani inayomtukana. Ikimsifu, haina kasoro.

Mwisho akapanda mke wa shujaa. Mkono ukatulia kwenye arobaini na nne.

"Arobaini na nne?" akasema, akicheka. "Jamani, hizi nilikuwa nazo nasoma shule! Kumbe cherehani ni mazoezi."

Mwongozaji hakucheka. "Mama, hebu tuseme wazi," akasema. "Kule mwisho wa waya kuna breki, na tunaifunga kwa kadiri ya uzito wa anayekuja. Tukiambiwa mwepesi kumbe mzito, breki haimshiki, anafika kwenye nguzo na mwendo wake wote. Kwa hiyo namba hizi ndizo nitakazotumia. Ni za kweli?"

"Mume wangu ndiye mwenye mizani," akajibu mke yule, kwa fahari, bila hata kugeuka. "Yeye hadanganyi gramu."

Hapo ndipo vita vilipoanza. Vilipiganwa ndani ya shati moja, na havikuchukua muda wa kupoa chai, lakini pande zote mbili zilipoteza watu. Upande huu Heshima yake ya Miaka Yote, imevaa koti la ghala, ikipiga kelele kwamba atachekwa na kila dereva aliyewahi kumrudisha. Upande ule mwanamke mmoja akienda kugonga nguzo. Bwana Mizani akaiona ile nguzo. Akaogopa kweli, na akajichukia kwa muda wote aliokuwa amekaa kimya.

"Simama hapo hapo," akamwambia mkewe. Akaenda nyuma ya mizani, akapiga goti, na goti likalia ghala zima likasikia. Akaung'oa ule waya kwa meno, maana vidole vilikataa. Akakirudisha kijiwe mahali pake pa mwanzo.

"Enyi watu wa mikate," akanena akiwa bado chini, "mizani hii imewekwa kwa ajili ya chaga. Chaga liko ukutani. Kila mmoja wenu ajiongezee kilo ishirini. Nami wa kwanza."

Watu wakaanza kuhesabu kwa vidole, na nyuso zikaanguka kuliko siku mishahara ilipochelewa.

"Kwani ilikuwa lazima useme?" akauliza Tanuri, kwa uchungu wa mtu aliyefiwa.

"Mizani yako ni mbovu!" akafoka Tajiri. "Mimi najijua. Mimi ni mia na moja."

"Panda tena, bosi," akasema mwongozaji.

Tajiri akakumbuka ana mgeni ofisini.

Lakini Bwana Mizani akamshusha mkewe, akapanda yeye. Hakuvuta tumbo. Hakushika pumzi. Akasoma mwenyewe, kwa sauti ile ile aliyowasomea madereva: "Mia na kumi na nane. Sifai." Kisha akampandisha mkewe, akasoma, "Sitini na nne. Anafaa." Pamoja walikuwa mia na themanini na mbili, na hapakuwa na mkanda wa kuwafunga.

Mkewe akashuka polepole. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu niliposhuka mara ya kwanza."

"Na ukaniacha nipande. Ukaniacha nichekelee mbele ya watu."

"Ndiyo," akasema. "Nisamehe, mama watoto. Niliona aibu."

Mkewe akamtazama kwa muda, kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya, kuona kama bado kitatoa kitu. Halafu akamgeukia mwongozaji. "Binti yangu, niandikie mimi. Peke yangu."

"Ulisema moyo utakutoka," mumewe akanong'ona.

"Utatoka. Lakini sasa angalau breki nina hakika nayo."

Siku ya matembezi, nusu ya kiwanda ilibaki bondeni ikila chakula cha mchana, na Tajiri, aliyepatwa na maumivu ya mgongo yasiyojulikana, aliongoza kula. Bwana Mizani hakula. Alisimama peke yake shingo imepinda, akaona kitu kidogo chenye kilemba cha bluu kikiachia kilima cha kwanza, akasikia ukelele mrefu ukipita juu ya kichwa chake, na katikati ya ukelele ule kicheko, kikienda, kikienda, mpaka miti ya upande wa pili ikakimeza. Machozi yalimtoka bila yeye kuyapima.

Redio kiunoni mwa mwongozaji, aliyekuwa hapo bondeni, ikakoroma. "Mama amefika salama, breki imeshika sawasawa. Anauliza kama anaruhusiwa kurudia."

"Anaruhusiwa!" akanguruma Bwana Mizani, ambaye hakuulizwa.

Basi na ijulikane kwa walio hai na watakaozaliwa, na isomwe kwa sauti mahali popote penye ngazi, kwamba aliishi mtu aliyesema uzito wake kamili mbele ya watu wazima na asife. Naye mkewe, siku ile ile, akaruka mara ya pili, macho wazi.