Jenereta la Kila Selo

Wewe mjukuu wangu, miezi minane sijakutia machoni, halafu unauliza kwenye simu kuna jipya gani. Jipya ni uvimbe kwenye titi langu, na Bwana Mkubwa aliyekuja kuzindua mashine ya kuupima. Nesi wetu alimwandikia maelezo ya hotuba, akamfafanulia kwamba ndani ya kila seli ya mwili mna vijenereta, vinaitwa mitokondria. Vikiharibika vinafuka kama moshi, vinaunguza maagizo ya seli, tena vinasahau kuiamuru ife, nayo inazaana ovyo mpaka saratani. Basi Bwana Mkubwa akasimama hivi, tumbo mbele:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wasaidizi wa Mwenyekiti, wakuu wa idara, makaimu wao, makaimu wa makaimu, nanyi wananchi mliosimama juani kwa hiari yenu (makofi kutoka kivulini), kwa mujibu wa fizibiliti stadi, yaani upembuzi yakinifu, niliyoisimamia mimi mwenyewe kwa weledi usio na mfano, asilimia tisini na saba nukta nne ya majenereta ya seli hayafanyi kazi, na kwa kuwa mimi si mtu wa kukaa ofisini, nilifika binafsi kituo cha polisi, nikakagua selo zote mbili, ya wanaume na ya wanawake, nisikute jenereta hata moja. (Vicheko. Nesi anajifunika uso kwa faili.) Ndiyo maana mahabusu wanazaana ovyo! Kwa hiyo, katika prosesi shirikishi ya kuwezesha mkakati, kila selo itafungiwa jenereta, na saratani itakosa pa kulala. (Bibi mmoja, ndiye mimi, anauliza: 'Na mashine ya titi langu, baba, iko wapi?' Askari anamkalisha.) Swali zuri, mama, limepokelewa, litaundiwa kamati. Jenereta juu! (Juu!) Saratani chini! (Chini, lakini kwa uvivu.) Nawashukuru kwa kuhudhuria uzinduzi huu, na zaidi kwa ustaarabu wenu wa kutochungulia nyuma ya utepe nilioukata, maana chumba ni kitupu na mashine yenyewe haijaagizwa."

Nilicheka mpaka titi likaniuma. Lakini nesi kaniambia uvimbe huu hauna subira na kamati, akanipa barua ya hospitali kubwa. Jumatatu njoo saa kumi na mbili asubuhi, uwe umeshakula huko huko kwako, unishike mkono mpaka chumba cha vipimo. Na ukinianzia "Mheshimiwa Bibi", nakuacha mlangoni naingia peke yangu.