Vani Iliyomchemsha Mama Mkwe

Redio ya kinyozi ilikuwa bado inatangaza: joto kali wiki nzima, wazee wasikae mahali pasipo na hewa. Benchi zima likamgeukia Nahodha, mwenye vani kuukuu iliyoegeshwa mbele yetu.

"Umesikia? Wameifungia vani yako," akasema Kinyozi, mashine ikinguruma kichwani mwa mteja.

"Wametaja wazee, hawakutaja gari."

"Lile gari? Lile tanuri lenye namba ya usajili!" Huyo alikuwa Kamati, mstaafu ambaye hata chai ikipoa anataka iundwe kamati ya uchunguzi.

Nahodha hakucheka. Saa nne alitakiwa kumpeleka mama mkwe wake kupima presha. Wiki iliyopita alimpeleka, kiyoyozi kimewashwa, na matundu yakapuliza hewa ya moto njia nzima. Mama alishuka kilemba mkononi, presha iko juu, daktari akamlaza. Kabla ya kulazwa alimwambia mkwewe, "Baba, kama umenichoka sema. Usinichemshe."

"Tangu siku ile mke wangu ananisalimia kwa cheo," Nahodha akalalamika. "'Habari za asubuhi, dereva.'"

"Jaza gesi ya kiyoyozi," akashauri Kinyozi.

"Nimejaza mara mbili."

"Basi feni imekufa."

"Feni inavuma mpaka inapeperusha kofia!"

"Waheshimiwa, napendekeza tuunde..."

"Kaa chini, mzee!"

Mama Cherehani, fundi nguo wa mlango wa pili, akatoka na futi shingoni.

"Shemeji, kile kifundo cha kuzungusha pale kwenye dashibodi, cha moto na baridi, chenye nyekundu na bluu, ni kizito au chepesi?"

"Chepesi mno. Ukikigusa tu kinazunguka."

"Sasa mnabishana nini tangu asubuhi? Gurudumu la cherehani likizunguka kwa wepesi hivyo, ujue mkanda umechomoka. Kifundo chako hakivuti kitu."

Kinyozi akaangua kicheko. "Leo fundi wa kupunguza suruali anatibu magari!"

"Na wewe daktari wa gesi, mmalize huyo mteja. Upande uliomnyoa umeshaanza kuota tena."

Nahodha akajilaza chali chini ya dashibodi, miguu nje. Kamati akainama kummulikia kwa simu huku akihutubia. Kweli, nyuma ya kifundo kulikuwa na waya unaning'inia, kishikizo chake kimekatika. Ndio ule unaovuta mlango mdogo wa ndani, wa kufungia hewa ya moto. Mlango ulikuwa umeganda upande wa moto.

Mama Cherehani akachomoa kibanio cha nywele. "Shika. Na ukirudisha, kisiwe na grisi."

Nahodha akaubana waya, akazungusha. Safari hii kifundo kilikuwa kizito, na ndani pakalia *tak*. Feni ikawashwa. Ubaridi na vumbi la miaka kumi vikampiga Kamati usoni, akapiga chafya tatu mfululizo.

"Hoja imepita!" akapiga kelele Kinyozi.

Saa saba Nahodha akarudi, vioo vyote vimefungwa. Akashuka mnyonge, utadhani amefiwa.

"Vipi presha?" tukamuuliza.

"Imeshuka. Ya msichana."

"Sasa mbona mnyonge? Si umeshamfikisha mama nyumbani?"

Kioo cha vani kikashuka vidole viwili. Ndani alikaa mama, mtandio umemfunika mabega.

"Nyumbani kwenye joto lile nikafanye nini?" akasema. "Mkwe wangu, panda tuondoke. Nina dada zangu watano, mwaka mzima sijawatembelea."